Zawadi zilizogeuka mlo: kisa cha Bobi, mtoto wa mbwa wa wiki 15

Familia ilikuwa na malalamiko matatu, na iliyataja kana kwamba hayahusiani. Bobi hasikii: hakai wala haji anapoitwa mpaka aone nyama mkononi. Bobi hali: bakuli lake la ugali linashinda hapo mpaka ugali unakauka juu. Na choo chake ni laini karibu kila siku tangu aletwe. La nne hawakulitaja, kwa sababu walikuwa wameshalizoea. Kijana wa nyumba alipomwita ili anionyeshe anachojua, niliona miguu ya mbele imepinda kwa nje na vidole vimetanuka juu ya vigae. Alipoambiwa "Kaa!" alishusha makalio kidogo kidogo, akasita, kisha akajilaza ubavu. Kijana akasema, "Unaona, Mwalimu? Mvivu huyu." Mtoto wa mbwa wa umri ule hawi mvivu wa kukaa. Akisita namna ile, anaumwa mahali.

Mimi nafundisha mbwa wa ulinzi na wa nyumbani hapa Morogoro. Mtu akiniita kwa sababu mbwa wake hasikii, maswali yangu ya kwanza huwa ni anakula nini, saa ngapi, na anapewa na nani. Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu malalamiko yote manne yalitoka sehemu moja, nayo ni zawadi za mafunzo. Familia ilizichukulia kuwa kitu cha pembeni, cha kumfurahisha mtoto wa mbwa. Tumboni mwa Bobi zilikuwa ndizo mlo, na mlo wenyewe ulikuwa na pengo lililokuwa likila mifupa yake.

Mbwa mwenyewe

Bobi ni dume wa German Shepherd. Alinunuliwa akiwa na wiki 8, na nilipomwona alikuwa na wiki 15 na uzito wa kilo 12, pungufu kidogo kwa dume wa mbegu yake. Macho yalikuwa maangavu, na alicheza akichokozwa, ingawa alichoka upesi. Kadi yake ilikuwa sawa: chanjo za watoto wa mbwa zilirudiwa kama inavyotakiwa, ya kichaa cha mbwa aliipata alipotimiza miezi mitatu, na dawa ya minyoo alishapewa.

Kadi naitaja kwa makusudi. Mtoto wa mbwa akiharisha, jambo la kwanza la kuogopa ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, na parvo haisubiri uchambuzi wa chakula. Akiharisha damu, akitapika, akalala na kugoma hata maji, apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Bobi hakuwa na dalili hizo. Choo kilikuwa laini bila damu, na kipimo kilichofanywa baadaye kliniki hakikuonyesha mayai ya minyoo.

Daftari la siku moja

Niliwaomba waandike kwenye daftari kila kitu kinachoingia mdomoni mwa Bobi kuanzia asubuhi hadi usiku, na kila mtu aandike cha kwake. Sharti hilo la mwisho ndilo lililofichua mambo. Mama alidhani anajua mbwa anakula nini kwa kuwa yeye ndiye anayepika, kumbe hakujua habari za biskuti. Kijana naye hakujua habari za maziwa.

Asubuhi mapema bibi alimpa kikombe cha maziwa ya ng'ombe, robo lita hivi. Bibi alikuwa na hoja yake: mtoto ni mtoto, na mtoto hunywa maziwa. Kabla ya shule na baada ya shule kijana alimfundisha kukaa, kulala na kuja, na kwa kazi hiyo mama alikuwa akinunua robo kilo ya maini kila siku, anayachemsha na kuyakata. Nilivitazama vipande vyenyewe. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa ncha ya kidole gumba cha mtu mzima, na Bobi alikuwa akikitafuna kwanza ndipo akimeze. Kwa mkufunzi hiyo ni ishara tosha kwamba kipande ni kikubwa. Wadogo wawili wa kijana walimpa soseji moja kila mmoja ili awape mkono. Pakiti ndogo ya biskuti za glukosi iliisha mchana, moja moja, kila Bobi alipokaa mlangoni kuwakodolea macho. Jioni akawekewa ugali wa sembe na vipande vya nyama, kama gramu 150. Akachambua nyama, ugali akauacha.

Sasa hesabu. Madaktari wa mifugo hupata mahitaji ya nishati ya mbwa kutokana na uzito wake, kisha huzidisha kwa mbili na nusu hadi tatu akiwa mtoto anayekua kasi. Kwa kilo 12 inakuja kati ya kilokalori 1,100 na 1,350 kwa siku. Daftari likasema hivi: maziwa, kilokalori 150, maini, 340, soseji mbili, 250, biskuti za gramu 50, kama 220, nyama ya jioni, 300. Jumla 1,260, na ugali haujaguswa.

Basi kumbe Bobi alikuwa anakula siku nzima, na bakuli lilipowekwa mbele yake jioni alikuwa ameshashiba. Maini, soseji na biskuti peke yake zilibeba kilokalori 810, karibu theluthi mbili ya kila alichokula. Kiwango wanachokubaliana madaktari wengi ni kwamba zawadi zote kwa pamoja zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa Bobi hiyo ni kilokalori 120 hivi, yaani soseji moja tu ingeimaliza.

Choo laini kilijieleza chenyewe. Maziwa ya mbwa jike yana laktosi, yaani sukari ya maziwa, pungufu kuliko ya ng'ombe, na mtoto wa mbwa akishaachishwa kunyonya, uwezo wake wa kumeng'enya laktosi hushuka. Ongeza mafuta na chumvi ya soseji juu ya maziwa hayo kila siku, na utumbo haupati nafasi ya kutulia.

Miguu

Hapa ndipo kisa kilipokuwa kizito. Niliwaomba wasimamishe mafunzo kabisa mpaka daktari amwone, na mama hakubishana. Alimpeleka kesho yake.

Mifupa hujengwa kwa madini ya kalsiamu na fosforasi. Gramu 100 za maini ya ng'ombe zina kalsiamu miligramu 5 hivi, na fosforasi karibu 390. Nyama ya kawaida isiyo na mfupa ina kalsiamu kama 10 na fosforasi kama 200. Nilipojumlisha daftari zima, Bobi alikuwa akipata kalsiamu miligramu 350 hivi kwa siku, na nyingi katika hizo zilitoka kwenye kikombe cha bibi. Viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, ambavyo watengenezaji wengi wa chakula cha mbwa huvifuata, vinataka angalau gramu 3 za kalsiamu kwa kila kilokalori 1,000 anazokula mtoto wa mbwa. Kwa nishati aliyokuwa anaila, alihitaji karibu miligramu 3,800, kwa hiyo alikuwa akipata chini ya sehemu moja ya kumi.

Upungufu huo ulizidishwa na uwiano. Kalsiamu inatakiwa ilingane na fosforasi au iizidi, bila kupita mara mbili yake. Kwa Bobi fosforasi ilikuwa zaidi ya mara nne ya kalsiamu. Mwili ukikuta hali hiyo, tezi ndogo zilizoko shingoni, parathairoidi, hutoa homoni inayochota kalsiamu kutoka mifupani na kuimwaga kwenye damu, kwa sababu moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila kalsiamu kwenye damu. Ni sawa na mtu anayebomoa ukuta wa nyumba yake apate matofali ya kuzibia mlango. Ndiyo maana kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kalsiamu ya kawaida kabisa wakati mifupa inazidi kulegea.

Picha ya eksirei ilithibitisha. Mifupa ilionekana hafifu na ganda la nje jembamba kuliko inavyotakiwa, ila hapakuwa na ufa wala mvunjiko. Daktari alieleza kwamba tatizo halikuwa la kurithi wala la minyoo. Lilikuwa la chakula, na kwa umri wake lilikuwa bado linarekebika.

Nataka kusema neno kuhusu ugali, kwa sababu mama alikuwa akijilaumu kwamba mbwa anaukataa. Hata kama Bobi angekula ugali wote wa bakuli, miguu isingepona. Sembe ina kalsiamu kidogo mno. Ugali ni nishati, na nishati alikuwa nayo tele.

Kabla sijaitwa, majirani walikuwa wameshatoa dawa zao. Mmoja alishauri kalsiamu ya maji ya dukani, mpe kijiko kila mlo. Muuzaji wa dawa za mifugo alishauri sindano ya AD3E, yaani mchanganyiko wa vitamini A, D3 na E. Yote mawili daktari aliyakataa, nami namuunga mkono kwa nguvu zote. Mtoto wa mbwa wa mbegu kubwa aliye chini ya miezi sita hivi hana uwezo mzuri wa kuizuia kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini. Ukimmiminia bila kipimo, mifupa na viungo vyake huharibika kwa njia nyingine. Ndiyo sababu AAFCO wameweka hata ukomo wa juu kwa watoto wa mbegu kubwa, asilimia 1.8 ya chakula kikishaondolewa maji. Sindano ya AD3E nayo ingeongeza vitamini A kwa mbwa ambaye amekula robo ya maini kila siku kwa wiki kadhaa. Maini ni ghala la vitamini A, na vitamini hiyo hukaa mwilini. Haitoki na mkojo ikizidi. Tiba ya Bobi ilikuwa chakula sahihi na mapumziko: chumba kidogo, mkeka juu ya vigae asiteleze, ngazi marufuku, kubebwa kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio.

Bakuli

Uamuzi wa chakula ulikuwa wa mama, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mfuko. Tulikaa na daftari, tukaandika bei ya robo ya maini ya kila siku, soseji na biskuti kwa mwezi mzima. Ilipojumlishwa, mwenyewe alisema ni heri fedha hiyo inunue mfuko wa chakula kikavu. Daktari alisisitiza kisomeke kwamba ni cha watoto wa mbwa wa mbegu kubwa. Kuandikwa "cha watoto wa mbwa" tu hakutoshi, na cha mbwa wakubwa hakifai. Kwa nishati aliyohitaji ikaja gramu 330 hivi kwa siku, ambazo zinabeba kalsiamu karibu yote inayotakiwa bila kuongeza kitu. Tukaanza na robo ya chakula kipya kwenye bakuli, tukapandisha taratibu hadi likajaa baada ya wiki moja. Milo mitatu kwa siku. Bakuli likikaa dakika 15 hadi 20 bila kuguswa, linaondolewa mpaka mlo unaofuata. Maziwa yalisimama siku ile ile.

Nina tahadhari moja kuhusu chakula kikavu, nayo ni hii tabia ya kupimiwa kutoka gunia lililo wazi dukani. Hujui tarehe yake, hujui ni cha umri gani, na kwenye joto na unyevu wetu mafuta yake huchacha na ukungu huingia. Nunua mfuko uliofungwa, hata kama ni mdogo.

Si kila nyumba inaweza kununua mfuko. Anayepika nyumbani anaweza kulea mtoto wa mbwa vizuri, ila lazima ajue kalsiamu inatoka wapi. Dagaa wakavu ni msaada mkubwa kwa sababu wanaliwa na mifupa yao: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 1,000 za kalsiamu. Waoshwe vizuri kuondoa mchanga, maana wengi huanikwa chini, na waliotiwa chumvi waachwe kabisa. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa mpaka liwe unga laini, lina kalsiamu takriban miligramu 380 kwa kila gramu moja. Kiasi cha kuweka kinategemea uzito wa mbwa na vitu vingine vilivyomo sufuriani, kwa hiyo mpelekee daktari orodha ya unachopika akupigie hesabu, na urudi kila mbwa anapoongezeka uzito. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe. Hupasuka kuwa vijiti vyenye ncha.

Na unga uwe ule ule mnaokula wenyewe. Mahindi yaliyooza na pumba zenye ukungu hupelekwa kwa mbwa kana kwamba mbwa ni pipa, wakati mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi sana na sumukuvu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mtoto wa mbwa wa kilo 12 ana ini dogo kuliko la mtu mzima. Mahindi usiyothubutu kumpa mwanao yasiingie kwenye bakuli lake.

Zawadi

Kijana alidhani nitamnyang'anya zawadi zote. Nilimwambia hapana, mbwa hujifunza kwa kulipwa, na asiyelipwa huacha kazi. Kilichohitaji kubadilika ni zawadi inatoka wapi, ina ukubwa gani, na inatolewa lini.

Kwa mwezi wa kwanza zawadi zilitoka kwenye chakula chenyewe. Usiku mama anapima gramu 330 za kesho, na humo anatenga konzi mbili kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko. Kopo hilo ndilo la mafunzo, na ndilo kila mtu anachota, bibi na wadogo wakiwemo. Likiisha, limeisha. Hivyo hata wakimpa mara 60, jumla ya siku haibadiliki wala uwiano wa madini hauharibiki. Familia iliogopa kwamba hatazitaka punje kavu baada ya kuzoea maini. Siku ya kwanza alizinusa na kugeuza uso. Siku iliyofuata alikuwa na njaa ya kweli kwa mara ya kwanza tangu afike nyumba ile, na akafanya kazi kwa punje moja moja.

Baadaye, daktari aliporidhika na hali ya miguu, tuliongeza zawadi ya daraja la juu kwa kazi ngumu: kuja akiitwa wakati mbuzi wa jirani wanapita, au kutulia geti linapofunguliwa na bodaboda ipo nje. Kwa kazi hizo punje kavu haitoshi. Hapa Morogoro napendekeza vitu viwili. Cha kwanza ni kidari cha kuku kilichochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Gramu 75 zinatosha kumaliza zile kilokalori 120 za siku, na ukizikata kwa ukubwa wa punje ya harage, nusu gramu kila kipande, unapata vipande 150. Hakuna mafunzo ya siku moja ya mtoto wa mbwa yanayohitaji vingi hivyo.

Cha pili, na ndicho ninachokipenda zaidi, ni mapupu ya ng'ombe. Bei yake buchani ni ndogo, mafuta ni machache, na yakikaushwa yanakuwa mepesi yanayovunjika kwa vidole bila kisu, na harufu yake mbwa anaisikia kutoka upande wa pili wa uwanja. Ila yaandaliwe kwa uangalifu. Mapupu na maini ndiko yanakokaa malengelenge yenye maji ya tegu mdogo wa mbwa, Echinococcus. Mbwa akiyala mabichi, tegu hukua utumboni mwake, na mayai yanayotoka na choo chake humwambukiza binadamu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni moja ya sehemu duniani zilizoteswa sana na ugonjwa huo. Kwa hiyo ukiona lengelenge, usinunue. Ulilonunua lichemshe mpaka ndani kabisa pasibaki wekundu, kisha kata vipande vyembamba, kausha kwenye oveni ya moto mdogo au kwenye jiko lenye makaa machache mpaka vikauke kabisa. Wakati wa masika viweke kwenye friza, maana kabatini vitaota ukungu.

Maini sijayapiga marufuku maisha yote. Mara moja moja, vipande vya ukubwa wa harage, kwa mbwa ambaye bakuli lake limekamilika, hayana neno. Kilichomuumiza Bobi ni robo kilo kila siku bila chakula kingine chenye kalsiamu.

Soseji zimebeba chumvi na mara nyingi unga wa vitunguu, na vitunguu, vibichi au vya unga, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, makadamia, na bazoka au pipi zisizo na sukari zenye zailitoli (kitamu kinachowekwa badala ya sukari) ni sumu kwake. Wadogo wa nyumba ile walielewa haraka walipoambiwa hivyo, wakaanza kuwakemea hata wageni.

Mkono uliokuwa hongo

Lalamiko la kwanza lilikuwa bado: hasikii mpaka aone nyama. Nilimwomba kijana aniitie Bobi kama kawaida. Alitia mkono koponi, akatoa punje, akainyanyua juu ya pua ya mbwa, ndipo akasema "Kaa!" Bobi hakuwa akilisikiliza neno. Alikuwa akiufuata mkono, na mkono ukija mtupu, kwake hapakuwa na amri yoyote.

Tulipanga upya mfuatano. Kopo likae dirishani au mfukoni, mikono iwe mitupu na itulie. Neno kwanza. Makalio yakigusa chini, papo hapo kijana anasema "Safi!" kwa sauti ile ile kila mara, na baada ya hapo ndipo mkono unakwenda koponi. Neno hilo ndilo linalomweleza mbwa ni tendo gani limelipwa. Punje inaweza kuchelewa sekunde mbili, neno lisichelewe hata kidogo. Vipindi viwe vya dakika tatu hadi tano, mara kadhaa kwa siku, kabla ya mlo. Na kwa kuwa miguu ilikuwa inauguzwa, tuliacha kukaa na kulala tukaanza na mambo yasiyoumiza: kugeuka akiitwa jina, kugusa kiganja kwa pua, kutulia juu ya mkeka.

Wakazi wa mji huu wana mfano mkubwa karibu nao kuliko wanavyodhani. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na sampuli za kifua kikuu. Panya anasikia mlio mfupi wa kifaa cha mkononi kila anapopatia, kisha anapewa kidogo tu cha ndizi iliyopondwa. Magawa, panya aliyezaliwa na kufundishwa Tanzania, alikwenda kunusa mabomu Kambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Kazi ile yote ililipwa kwa vionjo vidogo vilivyotolewa kwa wakati wake. Nilipomsimulia kijana, yeye mwenyewe alianza kuzivunja punje za Bobi katikati.

Kwa namna hiyo mbwa alianza kusikia mkono mtupu. Zawadi ya kila mara ilipunguzwa baadaye, ikawa ya mara kwa mara, na mahali pake pakaja malipo mengine: kufunguliwa geti, kuvutana kamba, kukunwa kifuani. Mlo wenyewe ukawa zawadi pia, kwani bakuli halishuki mpaka Bobi ametulia mkekani.

Hali yake sasa

Choo kilishika ndani ya wiki ya kwanza ya chakula kipya. Maumivu yalipungua kabla ya wiki mbili kuisha. Aliacha kulia akinyanyuliwa, na tabu ikawa kumzuia asikimbie. Alipofika miezi sita alikuwa na kilo 23. Mguu wa kushoto wa mbele umenyooka. Wa kulia bado umepinda kidogo, na daktari anataka picha nyingine ukuaji wa mifupa ukikamilika ndipo aseme kama utabaki hivyo.

Hesabu ilibadilika naye. Milo imekuwa miwili. Katika umri huu nishati haizidishwi tena kwa tatu, inazidishwa kwa mbili, kwa hiyo kwa kilo 23 anahitaji kama kilokalori 1,470, na zawadi zisipite 145 hivi. Kijana ameiandika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito kwenye mfuniko wa kopo, na ataifuta na kuandika nyingine mbwa akipimwa tena. Kuruka vizuizi Bobi hajaruhusiwa mpaka picha ya pili itoke, kwa hiyo sasa hivi anafundishwa kunusa: kijana anaficha kipande cha mapupu chini ya moja ya vyungu vitano vya maua uani, na Bobi anakitafuta.